Mpira wa mkojo umegoma kutoka? Usivute, usikate, soma huu uzi kwanza

SistaWodini

Wakuu salaam. Mimi ni muuguzi, nipo wodi ya upasuaji ya wanaume na kabla ya hapo nilikuwa wodi ya wazazi, kwa hiyo mambo ya mpira wa mkojo nayaona kila siku ya Mungu. Naandika huu uzi kwa ajili ya wale wagonjwa wanaotufikia wakiwa wameshaumizwa nyumbani. Mpira umegoma kutoka, mtu kashika kavuta kwa nguvu, au jirani kaja na mkasi, au kuna kijana aliwahi kukaa duka la dawa kaleta sirinji akaongeza maji eti puto lipasuke. Mzee wa watu anafika damu inatiririka, hawezi hata kukaa, na lile tatizo la mwanzo lilikuwa dogo ambalo mara nyingi nesi analimaliza palepale kitandani.

Tuanze na mpira unavyokaa mle ndani, maana ukishaelewa hapo mengine utayaona mwenyewe. Huu tunaoutumia karibu kila hospitali unaitwa Foley, ni jina la daktari Mmarekani Frederic Foley aliyeutengeneza miaka ya 1930. Ndani yake una njia mbili. Moja pana, ya mkojo. Nyingine nyembamba sana ambayo haihusiani na mkojo kabisa, kazi yake ni kupeleka maji kwenye puto dogo lililo karibu na ncha. Tukishauingiza mpira mpaka kwenye kibofu tunapeleka maji, puto linajaa, basi mpira hauwezi tena kurudi nje. Kwa mgonjwa wa kawaida hakuna kilichoshonwa, kinachoushikilia ni yale maji tu. Angalia mpira wa mgonjwa wako, huku nje umegawanyika matawi mawili, moja linaingia kwenye mfuko na lingine fupi lina rangi na maandishi. Rangi ya machungwa ni namba 16, kijani 14, nyekundu 18. Hiyo namba ukiigawa kwa 3 unapata unene kwa milimita, kwa hiyo 16 ni milimita 5 na kidogo. Pembeni pameandikwa labda 5-10 ml, au 30 ml, huo ndio ujazo wa puto.

Sasa piga hesabu. Puto lenye maji ml 10 lina upana wa karibu sentimita 2.7, na lenye ml 30 linakaribia sentimita 4. Wewe unalivuta lipite kwenye njia ambayo mpira wake ni milimita 5, na kwa mwanaume njia hiyo ina urefu wa kama sentimita 20, inapita katikati ya tezi dume, inapita kwenye msuli unaozuia mkojo. Inachanika. Damu ya siku ile inaweza kukata, lakini kovu linabaki na kovu linasinyaa, baada ya miezi mzee anaanza kukojoa kwa kukamua, njia imeziba upya na safari hii ni kwa sababu ya kovu. Kuna wagonjwa ambao tezi dume lilishapona zamani wanasumbuliwa na kovu la kuvutwa mpira.

Kwa nini puto linagoma? Sababu ninayokutana nayo mara nyingi ni kwamba maji hayajatolewa yote. Aliyeweka aliweka ml 30, anayetoa ana sirinji ya ml 10, kavuta ikajaa akajua kamaliza, kumbe ml 20 zimebaki. Ndio maana nasisitiza kiasi cha maji kiandikwe kwenye faili, na nyie ndugu ulizeni mwandike hata kwenye simu: tarehe, namba ya mpira, ml ngapi. Sababu nyingine ni anayevuta sirinji kwa pupa. Ile njia nyembamba ina kuta laini, ukivuta kwa nguvu kuta zinashikana na maji hayapiti tena. Hapa ndipo uzoefu unapoonekana, nesi mzoefu anachomeka sirinji kwenye tawi fupi halafu anaiachia, mkono hauvuti kitu, na unaona kile kisukumio kinarudi nyuma chenyewe taratibu, ml mbili, tatu, tano, mpaka kinasimama. Ikisimama kabla ya kiasi kilichoandikwa anasubiri, anageuza mkao wa mgonjwa, anaangalia kama mpira umejikunja chini ya paja au kama mgonjwa amefunga choo siku kadhaa, maana choo kigumu kinakandamiza mpira kule ndani. Ikishindikana anabadilisha sirinji, au anaongeza ml 1 au 2 za maji safi ya sindano kufungua ile njia halafu anaziacha zirudi. Anaweza hata kuiacha sirinji imechomekwa nusu saa huku anahudumia wengine. Mara nyingi inamalizikia hapo. Na usishangae aliwekewa 10 zikarudi 8, maji hupungua kidogo kidogo kwenye puto kadiri siku zinavyokwenda.

Kuna pia waliojazwa maji ya dripu ya chumvi, au ya bomba. Chumvi ile inaweza kuganda ikaziba njia nyembamba. Hewa nayo haifai, inavuja, puto linaelea kibofu hakikauki vizuri. Yanayotakiwa ni yale maji safi ya kuchanganyia dawa za sindano.

Halafu kuna mipira ya silikoni, ile inayoangaza. Puto lake likishatolewa maji huwa halirudi laini kabisa, linaacha mikunjo kama kola, mpira unafika mlangoni unakwama. Tunarudisha nusu ml au ml moja kunyoosha ile mikunjo, tunazungusha mpira taratibu, unatoka. Na wengine maji yametoka yote lakini kibofu kimebana kwa maumivu na woga, wanahitaji kupumzika, kuvuta pumzi, jeli ya ganzi, halafu tunajaribu tena.

Nyumbani kazi yako ni hii. Usivute. Usikate. Usiongeze maji. Mwaga mfuko, hakikisha mpira haujapinda na mfuko uko chini ya usawa wa kibofu, halafu angalia mkojo unatoka au hautoki. Kama unatoka vizuri na mgonjwa hana homa hiyo sio ya kukimbizana usiku, mpeleke asubuhi. Kama hautoki na tumbo la chini limejaa limekuwa gumu, au anatetemeka kwa homa, au damu ina mabonge, hiyo ni ya sasa hivi, tafuteni usafiri.

Maswali karibuni, nikitoka zamu najibu.

Ngosha_tz

Sista Mungu akubariki kwa huu uzi. Mimi mzee wangu ana mpira tangu mwezi wa tatu anasubiri operesheni ya tezi dume, aliambiwa arudi baada ya wiki kadhaa abadilishiwe lakini nauli ikawa shida mara mvua mara kuuguliwa na mama basi tukajikuta tumefika huku. Juzi tumeenda zahanati wakatoa maji yote yakatoka lakini mpira haukutoka, yaani unakuja kidogo unarudi na mzee analia. Nje ya mpira pale unapoingilia kuna vitu vyeupe kama mchanga. Hicho ni nini na tufanye nini maana zahanati wamesema tutulie tu.

SistaWodini

Pole sana Ngosha, na mpe mzee pole. Huo mchanga mweupe ni magadi ya mkojo. Mpira ukikaa muda mrefu wadudu wanajenga juu yake, na kuna mmoja anaitwa Proteus mirabilis ambaye anavunja ile urea ya kwenye mkojo inakuwa amonia, mkojo unapoteza ukali wake na madini yaliyokuwa yameyeyuka, magnesiamu, fosfeti, kalsiamu, yanaganda juu ya mpira. Kwa nje unaona mchanga, kule ndani juu ya puto na ncha inaweza kuwa jiwe kabisa. Ndio maana maji yametoka yote na mpira bado umegoma, kinachozuia sio puto tena ni jiwe lililoshika juu yake. Wakiendelea kumvuta lile jiwe linakwangua njia nzima.

Msitulie. Mpelekeni hospitali ya wilaya au mkoa yenye altrasaundi na eksirei, hayo mawe kwenye picha ya tumbo la chini yanaonekana vizuri tu. Ikiwa ni tabaka jembamba wanaweza kusafisha kibofu kwa maji na mpira ukatoka kwa kuzungushwa taratibu. Ikiwa ni jiwe anahitaji daktari wa mfumo wa mkojo, wanaingia na kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo au wanapitia tumboni juu ya kinena, wanavunja jiwe ndio mpira unatolewa. Sehemu nyingine wanavunja kwa leza au kwa mashine ya mawimbi kutoka nje. Pasipo na vifaa hivyo wanafungua kibofu, ni operesheni inayojulikana vizuri. Huko Kanda ya Ziwa mkipewa rufaa mtaenda Bugando, Kaskazini ni KCMC ambako urolojia, yaani tiba ya mfumo wa mkojo, ina historia ndefu, Dar ni Muhimbili. Mkifika semeni wazi mpira una muda gani, msiogope kugombezwa, ile tarehe inamsaidia daktari kujua anatarajia nini.

Na mpira wa njano wa lateksi ambao ndio mwingi kwetu usizidi wiki 4, mara nyingi tunabadilisha mapema zaidi. Wa silikoni unaweza kwenda mpaka wiki 12. Soma pakiti, imeandikwa.

mjomba_wa_muheza

Mimi niseme ukweli wangu. Kwetu kijijini mzee mmoja mpira uligoma, fundi mmoja alikata lile tawi fupi kwa wembe maji yakatoka yenyewe mpira ukateleza ukatoka mzee akakojoa. Hospitali iko kilomita kibao. Sasa mnaposema usikate mnataka mtu afanyeje, afe na mpira?

SistaWodini

Mjomba shikamoo. Swali lako ni la haki na ninajua umbali ni adha kweli.

Kukata lile tawi fupi ni hatua ambayo hata sisi tunaijua, inasaidia pale ambapo ubovu uko kwenye kile kifunga maji tu, kile kilicho mwishoni mwa tawi unapochomeka sirinji. Huyo mzee ubovu wake ulikuwa pale. Lakini kwa kuangalia nje huwezi kujua ubovu uko wapi. Kama kuziba kuko juu zaidi, karibu na puto, ukikata maji hayatoki, na sasa umeondoa ile sehemu ya kuchomeka sirinji, aliyekuja baada yako hana pa kuanzia. Hatari nyingine ni watu wanaokata mpira mzima karibu na mwili. Mpira huwa umevutika, ukiukata kipande kinachobaki kinarudi ndani kwenye njia, huku puto limejaa. Huyo sasa hana mpira unaopitisha mkojo na ana kitu kimekwama ndani, anaishia chumba cha upasuaji. Sisi tukikata tunabana kwanza mpira kwa koleo usiweze kurudi ndani, tunakata tawi fupi tu, na tuko mahali ambapo ikishindikana kuna hatua inayofuata.

Kwa mtu wa mbali na hospitali ninachoshauri ni kupiga simu au kwenda kituo cha afya cha karibu kabla kitu chochote hakijaguswa. Mkojo ukiwa unatoka unayo nafasi ya kusafiri salama hata kesho. Mpira uliogoma kutoka lakini unapitisha mkojo haumuui mtu usiku huo, kinachomletea balaa ni kuuvuta.

mjomba_wa_muheza

Marahaba binti. Hapo kwenye mkojo kuwa unatoka ndio nimekuelewa, hilo watu hawalijui. Nitawaambia.

Tabibu_kijijini

Sista heshima yako. Mimi ni tabibu kituo cha afya, tuko wawili tu na altrasaundi ipo ila siku nyingine hakuna wa kuitumia. Nimepata mgonjwa wiki hii nimefanya yote uliyoyasema, sirinji nimebadilisha, nimeongeza ml 2, nimekata kile kifunga maji baada ya kubana, hakuna kitu. Nimempa rufaa. Kwa faida yetu sisi wa chini, huko juu wanafanyaje? Na kuna mwenzangu aliniambia tungeweka mafuta au etha kwenye ile njia ya puto inayeyusha lateksi. Hilo vipi?

DktKibofu

Tabibu umefanya vizuri na umesimama pale panapotakiwa. Naingilia kidogo Sista kwa ruhusa yako.

Etha, klorofomu, mafuta ya madini, hayo yalitumika zamani na yapo kwenye maandishi ya zamani. Yanapasua puto ndiyo, lakini yakimwagikia kibofu yanakiunguza, mgonjwa anapata uvimbe wa kibofu wa kemikali na damu. Na puto likipasuka linaacha vipande, kipande kimoja kidogo kikibaki ndani madini yanajenga juu yake na baada ya muda una mgonjwa wa mawe. Ndio ubaya uleule wa kujaza maji mpaka lipasuke, na juu yake kuna maumivu makali kwa sababu puto la ml 10 linaweza kuvumilia maji mengi sana kabla halijapasuka. Sifanyi na nisingependa ufanye.

Hatua inayofuata baada ya kukata tawi ni waya mwembamba laini, unaupitisha kwenye ile njia ya puto taratibu unaondoa kile kilichoziba, mara nyingi maji yanaanza kutoka pembeni ya waya. Ikigoma tunaenda na sindano. Tunahakikisha kibofu kina maji ya kutosha ili matumbo yasogee juu, altrasaundi inaonyesha puto kama duara jeusi safi katikati ya kibofu, unatia ganzi juu ya mfupa wa kinena, unapitisha sindano ndefu ile ya uti wa mgongo ukiiona kwenye kioo mpaka inachoma puto. Ni kitendo kifupi. Kwa mwanamke unaweza kupitia ukeni ukiwa umevuta mpira kidogo puto lisogee mlangoni mwa kibofu. Kwa mwanaume mwenye kibofu kisichojaa kuna wanaopitia njia ya haja kubwa au msamba, na dawa ya kukinga maambukizi ni lazima hapo. Zaidi ya hapo ni kamera.

La muhimu kwa yeyote anayetoa: mpira ukitoka ukague. Shika lile puto livute kwa vidole uone limekamilika. Likikosa kipande mgonjwa anatakiwa kuchunguzwa kwa kamera, usimruhusu kwenda nyumbani ukasahau. Na nyie ndugu mkitolewa au mpira ukichomoka wenyewe nyumbani msiutupe chooni, funga kwenye mfuko njoo nao.

Tabibu_kijijini

Asante dokta, hilo la kukagua puto naliandika ukutani chumba cha sindano.

MamaPili

Jamani naomba kuuliza kwa sisi wanawake maana mmeongelea wanaume sana. Mdogo wangu katengenezwa fistula (lile tundu linalovujisha mkojo ukeni) ana mpira, anasumbuliwa na kuwashwa anataka kuuvuta, anasema njia yetu fupi haina shida.

SistaWodini

MamaPili mzuie kabisa huyo mdogo wako tafadhali, kaa naye. Ni kweli njia ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4, na ndio maana wengine wanauvuta na puto lake na unatoka. Lakini unatoka umepanua na kuchana msuli unaozuia mkojo, mama anabaki anavuja. Kwa aliyetengenezwa fistula ni kubwa zaidi, ule mpira upo ili kibofu kikae kikavu kisivutike wakati mshono unashika. Kibofu kikijaa mkojo au mpira ukivutwa na puto lake mshono unaachia na anarudi kulekule alikotoka, baada ya mateso yote yale. Avumilie muda alioambiwa na daktari wake, fistula nyepesi utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha siku 7 zinatosha sawa na 14, ila ngumu zinahitaji zaidi, kwa hiyo asijilinganishe na wa kitanda cha jirani.

Kuwashwa kunapunguzwa. Asafishwe kwa maji na sabuni ya kawaida kila siku, mpira ubandikwe kwenye paja usiwe unavutwa na uzito wa mfuko, anywe maji ya kutosha. Ikiendelea arudi aangaliwe kama kibofu kinabana au kuna maambukizi, kuna dawa zake.

bodaboda_wa_zamani

Sista mimi niko tofauti. Kaka yangu alipata ajali ya pikipiki akaumia uti wa mgongo juu kifuani, hana hisia chini. Mpira wake ukiziba au wakati wa kubadilishwa ukikwama anatoka jasho usoni, kichwa kinamuuma hatari, uso unakuwa mwekundu. Wengine wanasema ni malaria wengine wanasema kurogwa. Inahusiana?

SistaWodini

Inahusiana moja kwa moja, na naomba familia nzima ilijue hili. Mtu aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kibofu kikijaa au kikivutwa mwili unapandisha presha ghafla, na kwa kuwa ujumbe haupiti kwenye uti kuishusha, inapanda inaenda juu sana. Kichwa kinapasuka, jasho na wekundu juu ya pale alipoumia, mapigo yanaweza kushuka. Inaweza kumsababishia kiharusi au degedege. Hiyo ni dharura.

Ikitokea mkalishe wima palepale, miguu ining'inie, legeza mkanda, suruali, mkanda wa mfuko. Fuata mpira kutoka mwilini mpaka kwenye mfuko kama umepinda, umekaliwa, mfuko umejaa. Mara nyingi ukinyoosha tu mkojo unatiririka na kichwa kinatulia. Kisipotulia hospitali haraka na mkifika msiseme kichwa kinauma tu, semeni ameumia uti wa mgongo juu na mpira umeziba, wampime presha mara moja. Kwa kaka yako mpira ukigoma kutoka asijaribiwe nyumbani hata kidogo, na hata hospitali wanaombadilishia waambiwe mapema wawe na dawa ya presha karibu.

bodaboda_wa_zamani

Dah. Miaka yote hiyo tunampa dawa za malaria. Naiprinti hii naibandika kitandani kwake.

Shiru_Nakuru

Habari zenu watu wa Tanzania, nasoma kutoka Kenya. Guka wetu, yaani babu, ako na ile mpira ya tumboni, imetobolewa hapa chini ya kitovu. Wiki jana nesi wa kliniki alijaribu kubadilisha ikakataa kutoka, akaiacha. Hiyo nayo ni sawa na hii mnaongelea?

SistaWodini

Karibu Shiru. Sababu zinafanana, mikunjo ya puto, magadi, kibofu kubana, lakini kuna tofauti moja kubwa. Ule wa tumboni ukitoka tundu linaanza kujifunga haraka, hasa kama halina muda mrefu, kwa hiyo hautolewi mpaka mpya uko mezani umefunguliwa tayari. Nesi amefanya vyema kutolazimisha. Anayejaribu tena ahakikishe maji yote yametoka, auzungushe mpira taratibu huku anauinua wima, uvutaji kidogo thabiti bila kushtua. Ukiwa haujatoka apelekwe kwa daktari wa mkojo apigwe picha ya mawe. Na ukichomoka wenyewe nyumbani msisubiri, funikeni tundu kwa kitambaa safi mwende saa hiyohiyo na mpira wenyewe mkononi.

Ngosha_tz

Sista nimerudi. Tumepata gari ya kwenda hospitali ya mkoa kesho asubuhi. Kuna mtu ametushauri tumpe mzee maji ya ndimu ayeyushe hayo magadi, na mwingine kasema tupitishe ndimu kwenye mpira kwa sirinji. Tufanye ipi?

SistaWodini

Ndimu kwenye sirinji hapana kabisa Ngosha, mtapeleka wadudu na ukali kwenye kibofu ambacho tayari kina vidonda. Kunywa maji mengi na ndimu au limao ndani yake kunasaidia kuchelewesha magadi kwenye mpira mpya, kama mzee hana tatizo la moyo au figo la kumzuia maji, ila jiwe lililokwisha kujijenga halitayeyuka kwa hivyo. Msimpe pia antibayotiki ya kununua dukani kabla ya safari, daktari atataka kuotesha mkojo maabara kwanza ajue ni wadudu gani, mkimpa kiholela kipimo kinapoteza maana.

Kwenye gari mfuko uwe chini ya goti, usiwekwe kwenye siti wala kuning'inizwa juu, mwageni kabla ya kuondoka. Mpira ubandikwe pajani kwa plasta. Faili, dawa anazotumia, na kama anatumia za kulainisha damu mtaje mlangoni kabisa.

Mwanaidi_Unguja

Sista shikamoo, la mwisho kwangu. Baba ametolewa mpira leo saa nne asubuhi, ulisumbua lakini umetoka mzima, daktari kaukagua. Tumerudi nyumbani. Kakojoa mara moja kidogo sana kunamchoma na kuna wekundu. Tuangalie nini?

SistaWodini

Marahaba mwanangu, na hongereni. Kuchoma siku moja mbili na mkojo wenye wekundu mwepesi ni kawaida baada ya mpira uliosumbua. Anywe maji, glasi moja moja kwa kuachanisha, asinywe lita mbili kwa mkupuo. Msimzuie kwenda chooni na msimlazimishe kukamua.

Pima mkojo wake kwenye kikombe kila akienda mwandike na saa. Anayekojoa matone matone kila mara huku tumbo la chini linajaa huyo hajakojoa, kibofu kimeshindwa kujitoa na kinamwagika tu. Gusa chini ya kitovu, pakiwa laini na kiasi kinaongezeka kila akienda mko vizuri. Masaa 6 tangu kutolewa yanaishia saa kumi jioni ya leo. Ikifika hapo bado ni matone, au mabonge ya damu, au ameanza kutetemeka, mrudisheni leoleo msisubiri kuche, atawekewa mpira mpya na mtapangiwa upya.

Mwanaidi_Unguja

Saa nane na nusu kakojoa kikombe kizima na tumbo laini. Naendelea kuandika.

SistaWodini

Vizuri. Kikombe cha tatu kikiwa kama hicho mwacheni alale, ila usiku mwamsheni mara moja aende chooni.